Mwalimu Winifred Mukankusi na Novena Zilizomchelewesha

Alizaliwa Gahanga, kusini mwa Kigali, mwaka 1947, mtoto wa pekee wa kike wa baba aliyekwenda Bukoba kupalilia kahawa ya watu akarudi na Kiswahili na kifua kibovu. Alibatizwa Winifred, jina la nyumbani ni Mukankusi. Baba huyo ndiye aliyemfundisha kusoma. Hakuolewa. Alipokuwa mtu mzima alihamia Nyamirambo, akawa katekista, na mtaa mzima ukamwita Mwalimu. Mungu alimjalia maneno. Katika sala za jumuiya, pale ambapo wengine walikwama, yeye alifumba macho akamsemea kila mama jambo lake hasa, hadi mama mwenyewe akashangaa kusikia moyo wake ukitoka kinywani mwa mwingine. Shida ni kwamba wakifika nyumbani maneno yalikuwa yameshapotea. Ndiyo maana siku ya Bikira Maria Kupalizwa Mbinguni, Agosti 1990, akina mama walimwomba awaandikie kitabu cha sala, naye akakubali mbele ya altare. Na si kwamba walimlazimisha. Kitabu hicho alikuwa akikitamani tangu usichana wake.

Aliyekingoja kuliko wote ni Nyirahabimana, muuza unga wa mtama, mama asiyejua kusoma. Alikuwa amemzika binti yake Ihirwe akiwa bado mdogo, na kila alipomtaja, watu wa nyumbani walimwambia anyamaze, atapata mwingine. Hakupata. Yeye aliomba sala moja tu, yenye jina la Ihirwe ndani yake, ili jirani yeyote aweze kumsomea. Alimwambia Mwalimu kwamba siku atakayoshika kalamu, amwite, atakuja kukaa naye amsimulie mtoto wote, jinsi alivyocheka hadi jinsi alivyonuna.

Sasa sikilizeni vizuri, ninyi mnaosema mtaanza kesho. Shetani hakumjia Winifred na dhambi, alimjia na ibada. Mwalimu aliogopa kuandika maneno ya Mungu kwa moyo usio safi, basi akaanza novena ya Roho Mtakatifu, sala za siku tisa. Ilipokwisha akajiona bado. Akaanza ya Mtakatifu Yosefu. Mwezi wa Oktoba vita vikaanza kaskazini, akaona si haki kukaa na karatasi watu wakifa, akafunga kula kwa ajili yao. Ikaja Kwaresima. Baada ya Pasaka dada mmoja wa ukoo, wa Kibagabaga, akajifungua, na mzazi lazima ahudumiwe. Kila kimoja kilikuwa chema, na hilo ndilo la kuogopesha. Kalamu ilibaki mezani, na hamu ya kuandika ikamuuma kama njaa inavyomuuma mtu aliyekaa jikoni asipike.

Nyirahabimana alikuwa akimtania Jumapili mlangoni mwa kanisa. "Mwalimu, huyo Roho bado hajafika? Labda anatoka Kinyinya kwa miguu." Wanawake walicheka, na Winifred naye akacheka, akamwahidi wiki ijayo.

Machi 1992, Winifred akiwa katikati ya novena nyingine, malaria ilimchukua Nyirahabimana. Baada ya mazishi Mwalimu alikwenda moja kwa moja mezani, akaandika juu ya ukurasa: Ihirwe. Kalamu ikasimama hapo. Hakujua mtoto alicheka vipi. Hakujua alipenda nini wala aliogopa nini, na aliyejua yote hayo walikuwa wametoka kumfukia. Alilia, kisha akaenda kuungama kwa Padre Viateur, paroko, na malipizi akayapendekeza mwenyewe: novena kwa ajili ya marehemu. Padre alikataa.

"Mungu alikusikia tangu novena ya kwanza, Mwalimu," alimwambia. "Tangu siku ile ni yeye anayekungoja wewe. Nenda ukae, uandike, ndipo usali."

Akatii. Kila asubuhi alikaa mezani kabla ya kufagia, kabla hata ya chai, na hakuinuka mpaka kuwe na kitu kwenye karatasi, kizuri au kibaya. Jaribu lake kubwa likawa wageni, kwa sababu kwetu mgeni harudishwi mlangoni, na aliyekuwa mpole kwa wote akaanza kuitwa mwenye maringo. Aliyemsaidia ni Aidah, jirani yake Mwislamu, fundi wa kushona, aliyeweka cherehani nje ya mlango. "Mwalimu iko na kazi," aliwaambia. "Kaa hapa na mimi kwanza, nipe habari za kwako." Wengine walikaa, wengine waliondoka wakisonya. Jioni Winifred aliwatembelea akina mama, na swali lake lilikuwa lile lile: mtoto wako alikuwa anapenda nini? Ndivyo ilivyopatikana sala ya mvulana aliyelala na viatu vyake vipya miguuni, na ya kijana aliyekwenda vitani akiimba vibaya. Aidah aliziunganisha karatasi kwa uzi. Ukurasa wa Ihirwe una jina peke yake.

Aliuawa Aprili 1994, katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, pamoja na akina mama aliokuwa akisali nao. Aidah anasema asubuhi ya siku ile Mwalimu aliandika kama kawaida, kisha akampa karatasi. Zamani asingekubali mtu aone kazi nusu. "Hii haijakwisha," alimwambia, "lakini ichukue hivyo hivyo." Aidah alizificha kwenye furushi la vitambaa. Mwisho wa mwaka ule, huko Gahanga, palikuwa na mama aliyekuwa hajasema neno tangu Julai, mauaji yalipokoma. Aliposomewa sala ya mvulana wa viatu, alifungua kinywa akamtaja mwanawe, na akina mama waliokuwepo wanalishuhudia jambo hilo hadi leo.

Wanaokuja kukitafuta kitabu hicho ni wengi, na wengi hupekua hadi mwisho wasimkute wa kwao. Wanakifunga taratibu. Ndugu yangu, usimwige Mwalimu katika kungoja kwake, mwige katika kukaa kwake mezani. Anayejua kuandika amwandikie asiyejua, na asiyejua asimulie leo, kwa kuwa wanaowakumbuka watoto hao nao wanapungua.