Chenga za Klaudia

Mdogo wangu Klaudia ana mkono wa kupika, sikatai. Lakini kila mtu akimsifu mbele yangu, roho inaniuma, na sioni sababu ya kuficha.

Yeye alikuwa Bukoba mjini, mpishi wa bibi mmoja mmisionari kutoka kusini mwa Amerika. Huko, eti, watu wazima na akili zao wanakula chenga za mahindi na majani kwa chakula cha jioni! Mimi nilibaki Kagoma na Tata, baba yetu Rweyemamu, ambaye macho yake yalikuwa yamekufa. Nilimwogesha, nikamshika mkono kwenda kanisani, nikampikia ndizi na maharage kama inavyompasa mzee mwenye kibanja chake.

Wakati ule wa vita ya Hitla akaanza kukataa chakula. Anatafuna kidogo, anatema. "Zinanikaba," anasema. Akakonda mpaka nikaogopa. Nilitaka kitu kimoja tu: Tata ale, na ale kwa mkono wangu.

Basi Klaudia akaja likizo na kifurushi cha mahindi makavu. Akayatwanga, akachekecha, unga akauweka kando, akabakiza zile chenga.

"Unampikia nani hayo?"

"Tata."

"Tata! Hayo si tunawapa vibarua? Majirani wakisikia, uso tutauweka wapi?"

"Kwani dada, majirani ndio wanaomlisha?"

Nilivimba. Nikasimama mlangoni nikijifanya napanga kuni, kumbe macho yote kwenye chungu. Alikoroga taratibu, moto mdogo, akatia maziwa, kisha samli. Pembeni alichemsha mnavu, ambao sisi tunauita eshwiga, pamoja na samaki mkavu, mpaka majani yakalegea kabisa.

Tata alikula. Jamani, alikula! Akafuta bakuli kwa kidole.

"Klaudia, mwanangu," akasema, "leo nimekula."

Na mimi je? Miaka yote ile hakuwahi kuniambia hivyo. Badala ya kufurahi kwamba baba yangu ameshiba, nilitamani chenga zile zingeungua.

Klaudia alipika hivyo kila jioni mpaka likizo yake ikaisha, akapanda lori kurudi mjini. Kesho yake nikampelekea Tata ndizi, laini, nimezichagua mwenyewe. Akazionja, akaisukuma sahani.

"Klaudia yuko wapi?"

Nilitoka nje nikalia kwa hasira. Nilipomaliza kulia nikachukua mahindi yaliyobaki, nikaenda kuyatwanga nyuma ya nyumba, mbali na masikio ya jirani yetu Immakulata. Nikakoroga nilivyomwona akikoroga. Maziwa, samli, eshwiga, samaki. Nikamwekea Tata bakuli mikononi bila kusema neno, kwa kuwa bado nilikuwa nimemnunia.

Akala lote. Kisha akapapasa mpaka akaupata mkono wangu, akaubana.

"Klaudia," akasema, "kumbe hujaondoka. Mungu akubariki. Dada yako Kokushubila ni mtoto mwema, ila kupika hajui."

Nikafungua mdomo nimwambie. Nikaitazama ile mifupa ya mabega yake, na bakuli lilivyokwisha.

"Nikuongezee, Tata?" nikamwuliza, nikiilegeza sauti yangu iwe nyororo kama ya Klaudia.