Na Ua Nalo Linakimbia?

Kitu cha kwanza ulichokiona kwake ni mfuko wa kulia wa koti lake jeupe. Ulikuwa umelegea na kutuna, kwa sababu mkono haukutoka humo ila kwa shida. Wenzake hospitalini walimwita Zuia Pumzi. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa akipiga picha za eksirei, na kabla ya kila picha alisema yaleyale: "Vuta pumzi. Zuia. Usitikisike."

Tangu mvua zilipokatika, kila Jumapili asubuhi alitoka na kamera bustanini kuwavizia nondo. Si wale wa kwenye taa. Hawa huruka mchana, wanene kama kidole gumba, hunyonya ua huku wakielea hewani; ukipepesa jicho tu, hawapo. Alijibanza kando ya maua, akazuia pumzi, akabonyeza. Ukungu mtupu.

"Umempata?" mkewe aliuliza kila mara kutoka dirishani.

"Wapi! Ana mbio kama mwizi, mama watoto. Angekuwa mgonjwa wangu ningemfunga mkanda."

Mkewe alicheka, naye akashukuru kimoyomoyo. Mkono wake ulikuwa umeanza kutetemeka, kidogo tu, kama kifuniko cha sufuria maji yanapokaribia kuchemka. Maadamu kosa lilikuwa la nondo, mkono haukuwa na neno.

Jumapili hii mkewe alitoka, akaichukua kamera, akazipitia picha moja moja. Kicheko kikamkauka.

"Baba watoto."

"Naam."

"Nondo anakimbia, nimekubali. Na ua nalo linakimbia?"

Mumewe akaurudisha mkono wa kulia mfukoni. Katika kazi yake, picha ikiharibika, aliyetikisika ni mgonjwa. Hakuwahi kumtafuta mwenye kosa upande wa pili wa mashine.

"Hebu toa huo mkono."

Akautoa. Mkewe akaushika kwa mikono yote miwili.

"Tangu lini?"

"Tangu mvua zilipokatika."

"Na mimi nalala ubavuni mwako! Ulitaka niambiwe na majirani?"

Akaingia ndani, akatoka na kigoda, akaikalisha kamera juu yake mbele ya ua.

"Nitabonyeza mimi. Ua likitoka safi, basi kamera ni nzima, na kesho asubuhi tunaongozana kwa daktari. Sitaki hadithi."

"Tungoje nondo aje kwanza."

"Nondo wa nini tena?"

"Nataka mmoja tu aliyetoka vizuri. Kabla sijaambiwa lolote."

Mkewe alitaka kubisha, akamtazama usoni, akaacha. Alipindua ndoo, akakaa, akaweka kidole juu ya kitufe. Mumewe alichuchumaa nyuma yake, mkono wa kulia ukiwa nje ya mfuko, umelala juu ya goti, ukitetemeka waziwazi.

Upande wa uzio wa jirani, kitu kikavuma.

"Huyo anakuja," alinong'ona. "Vuta pumzi. Zuia."

Wakazuia wote wawili.