Sura ya Mjomba Anselm

Marcelina Kapinga alilipwa kwa kucheza gemu ya kompyuta. Ndugu zake kule Mbinga walipoambiwa hivyo kwenye simu walidhani anaficha kazi ya aibu. Mimi nilipanga naye nyumba moja Woolwich, London, nyuma ya soko, tangu mwaka 2004, na mimi ndiye niliyemwona akirudi kila jioni. Sijapata kumwona mtu mzima anayeichukia kiasi kile kazi ya kukaa kitini.

Alikuwa na miaka thelathini na moja. Alikuja kusoma kompyuta, na kibali chake kilimruhusu kufanya kazi saa chache kwa wiki. Kabla ya hapo aliwahi kusafisha ofisi, kisha akawa anaogesha wazee majumbani mwao. Kuogesha wazee hakukumchefua hata siku moja. Mama yake alikuwa mkunga wa misheni, na tangu utotoni Marcelina alijua kwamba damu na kinyesi ni vitu vya kusafishwa, basi. Ejensi ya kutafutia watu kazi ilipompeleka kwenye kampuni ya kutengeneza gemu karibu na London Bridge, mwezi wa pili mwaka 2005, alishukuru kwamba mgongo wake ungepumzika.

Kazi ilikuwa kutafuta kasoro. Gemu ilikuwa bado inatengenezwa, na kabla ya kupelekwa madukani ilibidi watu waicheze tena na tena mpaka kila kombo lionekane. Mchezaji ni mpelelezi anayewawinda wauaji. Huuoni mwili wake. Unaona kwa macho yake, na chini ya kioo unaona mikono yake, mmoja umeshika tochi, mwingine umeshika chochote kilichookotwa: bomba la chuma, shoka, ubao wenye misumari. Risasi ni chache makusudi. Muuaji anakimbia mbele, na ili umfikie inabidi upite kwenye mahandaki na nyumba zilizoachwa, gizani, huku watu wakikurukia. Watu hao hakuna aliyesema wamefanya kosa gani. Walikuwa mateja, walevi, watu wanaolala nje.

“Wahalifu ni wanne tu katika gemu nzima,” Marcelina aliniambia. “Waliobaki wote ni maskini.”

Yeye alipewa sura ya tatu, inayochezwa ndani ya stesheni ya chini ya ardhi iliyofungwa. Alitakiwa ampige kila adui kwa kila silaha, kutoka mbele na kutoka nyuma, akiwa amesimama na akiwa amepiga magoti, kisha aandike kilichotokea. Je, mguu umezama sakafuni? Damu imeruka upande usiostahili? Jino likitoka, linaanguka au linabaki likielea hewani? Jino la kuelea lilikuwa kasoro. Jino la kuanguka lilikuwa sawa.

Kijana wa kitengo cha sauti alimweleza kwa fahari jinsi walivyoipata sauti ya fuvu linapopasuka: walilowanisha kabichi, wakazipiga nyundo mbele ya maikrofoni. Nyumbani kwetu kabichi ikakoma. Mimi napenda kabichi, kwa hiyo niliuliza sababu. Aliponieleza, nikaacha na mimi.

Majuma ya kwanza alishikwa na kizunguzungu, kwa sababu macho yalikimbia huku mwili umekaa. Hicho kikapita. Kisha siku moja, yapata mwezi wa nne, aligundua kwamba anamponda mtu kwa shoka huku anawaza kama sokoni atapata ndizi za kupika. Hakuacha kupiga, wala hakuacha kuwaza ndizi. Hilo lilimtia kinyaa kuliko damu. Akaanza kuosha mikono kupita kiasi. Aliosha akitoka kazini, akaosha akifika nyumbani, akaosha tena kabla ya kushika unga, na bado alisema anahisi utelezi, kama aliyeshika nyama ya mafuta.

Hakuacha kazi. Alihitaji ada ya chuo, na mkuu wake alikuwa mwema. Huyo aliitwa Vinod, mzaliwa wa Hounslow, mtu wa sauti ya chini asiyekula nyama wala yai. Marcelina aliwahi kumwona akimtoa buibui dirishani kwa kikombe na karatasi, taratibu, asimvunje mguu. Kisha akarudi kitini na kumwuliza kama lile tatizo la ubongo kuning'inia ukutani limeshatatuliwa.

Sasa nimtaje Mjomba Anselm. Anselm Ndunguru alikuwa mtu wa Mbinga pia, wa umri wa kumzaa Marcelina. Aliletwa Uingereza mwaka 1991 na familia ya tajiri mmoja awe mpishi wao. Tajiri akahama nchi, akamwacha bila kazi na bila karatasi. Tulipomjua sisi alikuwa akishinda Beresford Square, uwanja wa soko la Woolwich, karibu na wauza mboga, amekalia kreti ya plastiki, kofia ya sufu kichwani kiangazi na masika. Alimtambua Marcelina siku alipomsikia akizungumza na mimi Kiswahili chenye lafudhi ya kwao. Tangu siku hiyo, kila asubuhi akielekea kwenye treni, Marcelina alisimama kumpa shikamoo, naye alijibu marahaba na kuongeza, “Mungu akutangulie kazini, mwanangu.”

Toleo jipya la gemu lilifika Jumatatu moja mwezi wa sita. Kabla ya hapo maadui walikuwa na sura za kuchora, zimefanana kama mayai. Sasa walivishwa sura zilizotoka kwenye picha za watu halisi. Ofisini waliziita ngozi. Vinod alitangaza kwamba ngozi mpya zimefika, na kila mmoja arudie sura yake tangu mwanzo.

Marcelina alishuka ngazi za stesheni na tochi yake. Mtu wa kwanza alitokea nyuma ya mashine ya tiketi. Akampiga kwa bomba, akaandika. Wa pili vivyo hivyo. Wa tatu alikuwa ameinama kwenye kona, amevaa kofia ya sufu, na mwanga ulipompata akageuka. Nyusi ya kushoto ilikatwa na kovu. Jino moja la chini halikuwapo. Mkono wa Marcelina, ambao ulishazoea, ulipiga kabla yeye hajajua anamtazama nani.

Alianguka vizuri. Hapakuwa na kasoro yoyote.

Marcelina akamulika. Mjomba Anselm alikuwa amelala juu ya vigae, macho wazi, taya limehama upande. Saa mbili zilizopita mdomo uleule ulikuwa umemwombea Mungu amtangulie. Marcelina aliiweka pedi ya kuchezea mezani, akaenda chooni akatapika chai na mkate, akakaa sakafuni mpaka mtu akabisha hodi.

Vinod alimsikiliza mpaka mwisho. Alisema picha zilipigwa kwa ruhusa, kila mtu alitia saini, karatasi zipo. Kisha, kwa nia njema kabisa, akasema, “Ni ngozi tu, Marcelina. Chini yake ni mtu yuleyule uliyekuwa ukimpiga wiki iliyopita.”

Aliniambia baadaye kwamba sentensi hiyo ndiyo iliyomkaa kooni, kwa sababu ilikuwa kweli.

Alirudi kwenye kompyuta akaijaza fomu ya kasoro kama alivyofundishwa. Mahali: sura ya tatu, kona ya mashariki. Maelezo: mtu huyu anaitwa Anselm Ndunguru, ninamfahamu, hajamrukia mtu yeyote. Asubuhi iliyofuata alikuta majibu ya maneno mawili: “Si kasoro.” Chini yake palikuwa na alama ya kuonyesha kwamba shauri limefungwa.

Siku mbili alipita njia ya nyuma kwenda stesheni ili asionane na Anselm. Siku ya tatu alimpelekea chai ya maziwa kwenye chupa, akachuchumaa mbele ya kreti, akamwuliza kama amewahi kupigwa picha. Anselm akachangamka. Alieleza kwamba vijana wawili wenye kamera walikuja kwenye ukumbi wa kanisa wanakogawiwa supu. Walimwomba akunje uso kama mwenye hasira. Akashindwa, wakamwambia afikirie mtu aliyemdhulumu, na hapo akaweza. Walimpa chakula cha moto na glavu za ngozi, akatia saini karatasi ambayo hakuisoma, maana miwani yake ilivunjika zamani. Glavu zenyewe alikuwa amezivaa, ingawa jua liliwaka. Marcelina akamwambia kwamba picha zile zimewekwa kwenye mchezo wa kompyuta.

“Kwa hiyo nimo kwenye huo mchezo,” alisema. “Nafanya nini humo?”

“Unapigana, mjomba.”

“Nashinda?”

Marcelina aliniapia kwamba alitaka kusema ndiyo. “Ukishinda, yule mwingine anaanza upya,” alimjibu. “Ukishindwa, wewe huanzi upya.”

“Na huyo mwingine ni nani?” Anselm akauliza.

“Kwa sasa ni mimi. Ndiyo kazi yangu.”

Yule mzee hakumtazama usoni. Aliitazama mikono ya Marcelina. Akashusha kikombe cha chai chini, pembeni mwa kreti.

“Basi uwe unapiga upesi,” alisema. “Usinicheleweshe.”

Siku hiyo Marcelina hakwenda London Bridge. Alipanda basi akanifuata Peckham, ambako nilikuwa karani katika ofisi ya mwanasheria wa uhamiaji, akanisimulia yote akiwa amesimama, hataki kukaa wala kushika kitu. Mwanasheria wangu alisema mtu asiye na miwani na asiyesomewa karatasi hajakubali lolote. Tukaandika barua. Anselm alikuja kutia saini, safari hii baada ya mimi kumsomea neno kwa neno kwa Kiswahili, na akaniomba nirudie kipande kilichosema “heshima ya mteja wetu”.

Kampuni ilijibu kabla ya wiki mbili kwisha, kwa adabu. Hawakukiri kosa, ila sura ya Anselm ingeondolewa.

Kweli iliondolewa. Marcelina alikuwa bado na mkataba wa majuma matatu, na Vinod alimhamishia kwenye kazi ya kusoma maandishi tu. Lakini alikwenda kuhakikisha. Alishuka ngazi zilezile, akafika kwenye kona ya mashariki. Mtu wa tatu aligeuka kwenye mwanga, kofia ileile ya sufu, mwili uleule, na sasa alikuwa Mzungu wa miaka kama sitini, mwenye macho ya buluu na ngozi ya pua iliyobambuka kwa baridi. Naye alikuwa mtu wa mahali fulani. Marcelina alisimama pale na bomba mkononi mpaka yule mzee akampiga yeye, mara tatu, kioo kikawa chekundu, kisha cheusi. Akazima kompyuta.

Tulidhani Anselm atafurahi. Marcelina alipompa habari, mzee alicheka bila sauti. “Huko nako nimefukuzwa,” alisema. Alisema kwa mzaha, lakini Marcelina alirudi nyumbani akiwa amevimba macho. Aliniuliza tulikuwa tumemfanyia hisani gani. Alisema kinyaa hakijaondoka, kimehama tu: sasa kilikuwa juu ya uso wa mtu asiyemjua, ambaye hana wa kumwandikia barua.

Mkataba ulipoisha hakuomba mwingine. Alirudi kuogesha wazee, akamaliza chuo, na baadaye akaajiriwa katika ofisi ya kumbukumbu za wagonjwa. Mwanasheria wangu alikuwa ameshazichukua habari za Anselm, na kwa kuwa faili lilikuwa limefunguliwa akaendelea nalo. Mwaka 2007 mzee alipata kibali cha kukaa na chumba katika hosteli, chenye dirisha na jiko la umeme. Alinipikia wali na samaki mara moja, na kwa hakika alikuwa mpishi.

Gemu ilitoka mwezi wa kumi na moja, 2005, ikapata sifa. Siku moja bahasha ilifika nyumbani kwetu. Ndani mlikuwa na nakala ya gemu na kadi ya Vinod yenye maneno mazuri, akisema kwamba ukifika mwisho, muuaji akishakamatwa, majina ya wote walioifanyia kazi hupanda kwenye kioo, na jina la Marcelina limo.

Marcelina aliwaandikia kuomba waliondoe. Walijibu kwamba wanasikitika, diski zimeshachapwa.