Oolong kwa Maji ya Mkonze

Ulimi wangu ndio ulionilisha. Nilikuwa mwonja chai kiwandani, kule nyanda za juu kusini: unaivuta chai kwa kelele mpaka ifike puani, unatema, unasema nzuri au mbovu. Nilipostaafu nikahamia Mkonze, kwenye nyumba aliyoniachia marehemu mume wangu, na hapa hakuna anayehitaji kauli yangu juu ya chochote. Siku nyingine jioni inafika sijafungua mdomo.

Basi mwanangu wa pekee, aliyekwenda kusoma China akanogewa, alinitumia pakiti ya oolong, chai ya huko isiyo nyeusi wala ya kijani. Akanipigia simu.

"Mama, mzee ninayemfanyia kazi anataka tushirikiane duka. Hiyo ndiyo chai yake. Ukisema nzuri, nabaki huku. Ukisema mbovu, narudi nyumbani. Sina mwingine wa kumwamini."

Nilichemsha maji ya bomba, nikayamimina juu ya majani. Ikatoka rangi ya kutu, harufu imelala, ladha haina mbele wala nyuma. Mbovu. Nilifurahi, nisiwadanganye. Nilianza hata kuwaza chumba chake nikipake rangi gani.

Jirani yangu, mama wa Kirangi kutoka Kondoa, akapiga hodi akanikuta natema. Nikampa kikombe. Akaonja, akaweka kikombe chini kwa adabu, akatoka. Akarudi na bakuli la sukari na kipande cha tangawizi.

"Dada, vitu vikikuishia si useme tu? Ujirani ni wa nini?"

Kwetu kumpa mgeni chai bila sukari ni kutangaza shida. Nilikereka, kisha nikacheka, nikapokea sukari yake maana kukataa kungekuwa matusi.

Alipoondoka nilibaki na jambo nililolijua tangu funda la kwanza. Maji ya bomba letu hutoka kisimani, yana chumvi, na chumvi huua chai yoyote. Ningeweza kunyamaza. Nani angejua? Lakini kumhukumu mzee wa watu kwa maji yangu mwenyewe, hapana, sikuzoea kazi ya namna hiyo.

Nikaenda dukani kununua maji ya chupa, nikaanza upya. Safari hii majani yalikunjuka taratibu, kingo nyekundu, katikati kijani, na jiko zima likanukia maua. Sikutema. Nilimeza, na utamu ukanirudia kooni baada ya kumeza. Nililia pale pale jikoni, kisha nikapiga simu.

"Nzuri," nikamwambia. "Nzuri sana. Mzee wako hakudanganyi."

Alimgeukia mtu akasema naye Kichina, nikasikia watu wengi wakicheka huko kwao. Nikasubiri na simu sikioni.

"Mama," akarudi, "uko na nani hapo?"

"Nina wageni," nikasema. "Acha niwahudumie."

Nikakata simu kabla hajasikia nyumba ilivyo kimya.