Ijumaa Niliyofunga Kisima

Ukungu wa kwetu Ikonge, milimani Kisii, una tabia ya kukaa. Huingia alfajiri, ukashika majani ya chai, ukapenya katikati ya migomba, na usipopata wa kuufukuza unabaki mpaka saa tano. Siku zile nilizokuwa nyumbani kwa likizo nilikuwa nikisimama mlangoni na kikombe mkononi, nikiutazama, na kila mara ndani yake nilimwona punda milia. Siwezi kusema ilikuwa ndoto, maana macho yalikuwa wazi na kikombe kilikuwa kikiniunguza vidole. Alisimama kati ya mistari ya chai ya mama, masikio yake ya duara yakigeuka huku na huku, akitafuta kitu. Nilijua anatafuta nini. Ndiyo sababu nilikuwa nimekuja na barua ya kuacha kazi, nimeikunja ndani ya begi chini ya soksi.

Kazi yangu ni kuwachunguza na kuwalinda wanyama wa jangwani. Hapa kwetu kazi hiyo haieleweki, na siwalaumu watu. Mtu anazaliwa mahali mvua inanyesha karibu kila alasiri, anasomeshwa biolojia kwa pesa za chai mpaka chuo kikuu, kisha anakwenda kukaa kwenye mchanga huko kaskazini kuangalia punda. Jirani mmoja alimuuliza mama kama punda wa sokoni Suneka walikuwa hawanitoshi. Mama alicheka naye, lakini kilikuwa kicheko cha kumalizia mazungumzo. Yeye alikuwa na ombi moja tu miaka yote hiyo, nirudi nyumbani. Na safari hii alikuwa ameshanitafutia pa kurudi. Shule moja ya sekondari upande wa Suneka ilihitaji mwalimu wa biolojia, naye alikuwa amezungumza na mwalimu mkuu baada ya ibada. Alinieleza habari hiyo siku ya kwanza, kabla sijavua viatu. Nikamwambia nitafikiria. Sikumwambia kwamba barua ilikuwa tayari, wala kwa nini niliiandika.

Ili nieleweke, lazima nianze na chemchemi yetu. Iko chini ya shamba, pale chai inapoishia, na bibi yangu ndiye aliyeijengea mawe. Tumeizungushia ua, na mlango wake ni fito zilizofungwa pamoja na matawi ya miiba, kwa sababu ng'ombe wa majirani hawana adabu, wakiingia wanakanyaga maji yanakuwa uji. Tangu nikiwa na miaka tisa, kazi yangu ya Ijumaa ilikuwa hiyo. Sisi ni Waadventista. Jua la Ijumaa likizama, Sabato imeingia, na maji yawe yameshachotwa, kuni zimepasuliwa, viatu vimepakwa rangi. Nilikuwa nikijaza mtungi wa mwisho, navuta ule mlango wa miiba, naukaza kwa jiwe upande wa kushoto, kisha napanda mlima nikikimbizana na jua. Nikifika, mama hakuwa akiuliza habari yangu. Aliuliza, "Umefunga?" Nikisema nimefunga, ndipo chakula kilipopakuliwa. Mikono yangu ilizoea kazi hiyo hata ikawa inaifanya huku kichwa kiko kwingine kabisa, kwenye nyimbo za kesho au kwenye gauni la kuvaa.

Huko kaskazini hakuna chemchemi. Kuna laga, yaani mto wa mchanga ambao maji yake yamejificha chini, na wafugaji huchimba visima humo kwa mikono. Mchana kisima ni cha ngamia na mbuzi. Usiku, kwa makubaliano ya wazee na sisi watafiti, ni cha wanyama wa porini. Wafugaji wana miiba yao pia, ya kuzuia mifugo isitumbukie, nayo huondolewa jioni ili punda milia wapate kushuka na kunywa gizani, kwa kuwa mchana wanaogopa watu. Kuiondoa ile miiba ndiyo kazi ndogo kuliko zote kambini kwetu. Haihitaji shahada. Kwa kawaida aliifanya mwenzangu, mzee wa huko huko, aliyezaliwa akichunga ngamia na anayejua nyayo kuliko mimi ninavyojua kusoma.

Mwaka huo tulikuwa tukimfuata jike mmoja. Punda milia hao wa kaskazini wana mistari myembamba, na sisi huwatambua kwa mistari ya ubavu wa kulia, kwa kuwa hakuna wawili wanaofanana. Huyu wangu ningemtambua hata nikiwa na homa. Alikuwa na mtoto wa wiki tatu. Jike anayenyonyesha hawezi kukaa siku nyingi bila maji. Humwacha mtoto kwenye kichaka, anashuka lagani, anakunywa, anarudi na maziwa. Wanyama hao wamebaki wachache, na mtoto mmoja akipona hadi mvua inyeshe sisi huwa tunafurahi wiki nzima, watu wazima, tunacheza ngoma kwenye mchanga bila ngoma.

Ijumaa hiyo mwenzangu alikuwa amekwenda kumwoza binti yake. Wafugaji nao walikuwa wamehama siku moja kabla, wakifuata habari za mvua mlimani. Nikabaki peke yangu. Jua lilikuwa linashuka haraka na nilitaka maji ya Sabato, basi nikaenda kisimani na mtungi. Miiba ilikuwa imewekwa kando. Nakumbuka mchanga ulikuwa wa rangi ya waridi, na nakumbuka nilikuwa naimba. Nikachota, nikafika kambini jua likiwa bado linaonekana nusu, na moyo wangu ukatulia kabisa, ule utulivu wa mtoto aliyemaliza kazi zake. Siku ya pili nilipumzika kama nilivyolelewa. Nilisoma, nikaimba, nikalala mchana chini ya turubai na upepo ukanipitia. Ilikuwa Sabato tamu kuliko zote nilizowahi kupata huko, na hilo bado linanichoma.

Jumapili asubuhi nilikwenda kutoa kadi kwenye kamera yetu, ile inayopiga picha yenyewe kila kitu kinapopita. Nikakuta kisima kimefungwa. Miiba ilikuwa imevutwa vizuri, imekazwa kwa jiwe, jiwe limewekwa upande wa kushoto. Nilisimama pale nikijiuliza ni mjinga gani amefanya hivi. Nilikasirika kwelikweli, nikawatukana wafugaji kwa lugha yetu. Kisha nikalitazama lile jiwe tena. Hakuna mtu huko anayekaza miiba kwa jiwe. Ni sisi tu, wa kwetu Ikonge.

Nyayo za yule jike zilikuwa zimezunguka kile kisima mpaka mchanga ukawa njia. Kwenye mwiba mmoja kulikuwa na manyoya. Niliifungua nikararuka mikono, kana kwamba haraka yangu ilikuwa na maana tena.

Usiku wa Jumapili alikuja akanywa, kamera ilimwona. Alikuwa peke yake, lakini hilo si ajabu, majike huja peke yao, kwa hiyo nilitumaini. Mwenzangu aliporudi hakunigombeza. Alikwenda kusoma nyayo kutwa nzima na akarudi jioni, akanawa uso. "Dada," akaniambia, "sasa anatembea bila kurudi popote." Sikumwomba anifafanulie. Mtoto hatukumwona tena.

Nikaandika barua. Nilijiambia mtu wa kulinda wanyama ambaye mikono yake inafunga maji bila kumwuliza hafai kuwa huko. Nilisafiri kutwa na usiku kucha, nikashuka Kisii mjini mvua ikinyesha, watu wakikimbia maji yanayoanguka bure kutoka juu, na nikalia stendi mbele ya mwanamke wa ndizi, ambaye alinipa moja bila kuniuliza kitu.

Ijumaa yangu ya kwanza nyumbani, alasiri, tulikuwa jikoni tukichambua chinsaga, ile mboga yetu chungu, mama ameketi kwenye kigoda, mimi kwenye gunia. Nyumbani tunaongea Ekegusii, kwa hiyo maneno yake nayaleta hapa kwa Kiswahili changu.

"Nionyeshe hao punda wako," akasema. "Watu wananiuliza, sijui niseme wakoje."

Nilimpa simu. Akafuta kidole kwenye leso, akaanza kupitisha picha moja moja, akisifu mistari, akisema masikio hayo ni ya kusikia umbea wa kijiji cha pili. Kisha akaacha kucheka. Nilikuwa nimesahau kwamba picha za kisima zilikuwa humo humo.

"Huyu mbona hanywi?"

"Kumefungwa."

Akapitisha nyingine. Jike alikuwa amesimama mahali pale pale. Nyingine, amesimama. Nyingine, ameinamisha kichwa kwenye miiba. Mama aliisogeza simu karibu na macho.

"Ananyonyesha huyu. Tazama tumbo."

"Ndiyo, mama. Mtoto wa wiki tatu."

"Nani alifunga?"

Ukungu ulikuwa umeanza kurudi, nauona bado ukiingia kwenye dirisha la jikoni. Ningeweza kusema wafugaji. Nikasema, "Ni mimi. Ilikuwa Ijumaa."

Hakuhitaji maelezo zaidi. Aliitazama ile picha kwa muda mrefu, na nikaona midomo yake inasogea kidogo, akiliona lile jiwe upande wa kushoto. Nilingoja anifariji au anilaumu, na nilikuwa tayari kwa lolote kati ya hayo mawili. Nilikuwa tayari hata kumwambia habari ya barua, nimpe furaha yake ya kunirudisha.

"Maziwa yalikauka," akasema.

"Ndiyo."

Akanirudishia simu, akafuta mikono. Jua lilikuwa limebakiza kama upana wa viganja viwili. "Shuka chemchemini," akaniambia. "Kafungue."

"Mama, ng'ombe wataingia."

"Yaya," akakataa. "Nimesema kafungue."

Nilishuka. Niliondoa jiwe, nikavuta miiba kando, nikasimama hapo mpaka jua likazama, mara ya kwanza maishani Sabato ikinikuta nje. Hakuna aliyekuja. Niliporudi hakuniuliza kitu. Kwenye maombi alitaja watoto wake wote kwa mpangilio wake wa siku zote, halafu mvua, halafu wagonjwa, halafu akamtaja "yule mama aliyekuta maji yamefungwa." Nilifungua macho nikamwona anashika magoti yake kwa nguvu. Nilimpenda mpaka nikaona aibu.

Jumapili asubuhi tulishuka pamoja kuchota. Ng'ombe wa jirani walikuwa wamelala humo, nadhani na jamaa zao wote. Maji yalikuwa tope tupu. Mama aliguna, akamtaja mwenye ng'ombe kwa maneno ambayo hayafai siku ya baada ya Sabato, lakini hakuugusa ule mlango. Alijaza mtungi wake maji yale yale ya rangi ya chai ya maziwa, akauweka kando yatulie. Tuliketi juu ya jiwe la bibi tukingoja. Nilifikiria barua iliyo chini ya soksi, na shule ya Suneka, na miaka yake yote ya kuniomba nirudi.

"Gari lako la kwenda huko," akasema bila kunitazama, "huondoka Kisii siku gani?"

"Jumanne."

Akahesabu kwa vidole, akautazama ukungu.

"Basi lete zile soksi za kwenye begi lako tuzifue leo. Kwa baridi hii zinataka siku mbili kukauka."