Mboga za Jirani na Moyo wa Mzee Owiti

Ukungu bado haujaondoka Asembo Bay, na Rachael Adongo anabonyeza mguu wa Mzee Owiti kwa kidole gumba. Anapoinua kidole, shimo linabaki palepale, kama kwenye unga uliokandwa.

“Leo tena,” anasema.

Owiti anageuza uso. Alikuwa fundi wa kuunda mashua. Sasa akitoka kitandani hadi mlangoni hukaa kwanza atafute pumzi. Usiku hulala ameketi, mkewe Anyango akimwegemeza kwa mito.

Rachael ni mhudumu wa afya ya jamii. Ana wagonjwa saba ambao moyo umeshindwa kusukuma damu vizuri. Huwapima uzito, hukagua dawa, hutazama miguu, na maji yakizidi mwilini humpigia simu muuguzi wa kituo cha afya. Posho yake huishia kwenye nauli.

Mwaka huu amewazika wawili. “Mmoja alikuwa ananichagulia kiti kisichoyumba kila nikienda,” anasema. “Siku ya mazishi nikapewa kiti hichohicho.”

Owiti anamsumbua akili. Dawa anameza zote. Chumvi ilitoka nyumbani humu tangu alipolazwa. Anyango aligawa hata kopo lake. Lakini uzito unapanda, na muuguzi amewaambia wazi kwamba akilazwa tena kwa hali hii, huenda asirudi.

Rachael anaomba kuonja chakula cha jana. Ni mrenda, laini kabisa, wa jirani yao Nakhumicha. Tangu Owiti augue, mama huyu huleta mboga kila jioni, kwa kuwa Anyango hushinda sokoni akiuza dagaa wa omena. Huweka sufuria kizingitini na kuondoka kabla hajashukuriwa.

Mrenda una magadi ya kuulainisha. Hapa ni wachache wanaopika mrenda au kunde bila magadi, na hakuna anayeyaita chumvi. Kumbe katika mwili wa Owiti, magadi nayo huzuia maji yasitoke.

Rachael anamkuta Nakhumicha akichambua kunde. Anaketi, anachambua naye, na kumweleza polepole.

Nakhumicha anaweka kunde chini. “Kwa hivyo ni mimi nimekuwa nikimjaza maji?”

“Mama, wewe umekuwa ukimlisha. Hakuna aliyekwambia.”

Jioni Nakhumicha analeta kunde zilizochemshwa sana na kuungwa kwa maziwa. Safari hii anaingia ndani. Owiti anatafuna, anatafuna tena.

“Shemeji, hizi zinataka msumeno,” anamwambia.

Nakhumicha anacheka, kisha anajifuta macho kwa leso.

Muuguzi ameagiza dawa ya kutoa maji iongezwe. Mguu bado umevimba, na hakuna anayemwahidi Anyango lolote.

Jumapili, baada ya ibada, Rachael anataka akina mama wa kanisa wapike pamoja bila magadi, waonje na wazoee. Wagonjwa wake wengine sita nao wana majirani wema.

“Moyo wa Mzee hautarudi ulivyokuwa. Ameambiwa, anajua,” anasema Rachael njiani kuelekea nyumba nyingine. “Lakini akituacha wiki hii, Nakhumicha atasema ni sufuria yake. Naomba Mzee apate hata miezi michache, aishi akila kutoka mkono uleule.”