Asiye na Mpira Apishe

Katikati ya miaka ya hamsini nilikuwa shule ya bweni ya masista, milimani upande wa Kilolo, na katika mchezo wa raunda nililinda nguzo ya nne. Mchezo wenyewe ni rahisi: msichana anapiga mpira kwa kirungu, kisha anakimbia kuzizunguka nguzo nne za mianzi. Mlinzi akiupata mpira na kuigusa nguzo kabla mkimbiaji hajafika, mkimbiaji ametoka. Mimi kudaka sikujua. Nilijua kusimama. Nilijiweka katikati ya njia, mikono kiunoni, na aliyekuja ama alinigonga ama alinizunguka, huku mpira ukirudi taratibu. Hakuna aliyewahi kuniambia ni kosa.

Muhula wa pili akaja msichana kutoka Uyole, kule Mbeya. Baba yake, dereva, alikuwa amehamishiwa Iringa. Alitushinda sote kwa mbio. Siku ya kwanza nilipomziba alisimama akihema, akamwita sista aliyetusimamia.

"Sista, huyu hana mpira. Mbona ananizibia?"

"Sheria unayoijua wewe inasemaje?"

"Asiye na mpira anapisha. Njia ni ya mkimbiaji."

Sista alisema atafikiri. Mimi sikuhitaji kufikiri. Mtu mwenye mbio kama zile akileta sheria ya kumsafishia njia, nani amwamini? Niliwaambia wenzangu kwa Kihehe kwamba ameitunga ndani ya lori akija. Wakacheka. Naye akacheka, nikaanza kushuku kwamba Kihehe anakisikia.

Jumamosi nilimziba tena. Alijaribu kunizunguka, mguu ukaingia kwenye mfereji, akaanguka. Kesho yake alikuja kanisani akichechemea, kifundo kimefungwa kitambaa. Nikaanza kumchunguza. Mbele ya sista alichechemea. Akitoka mtoni na ndoo kichwani, alikanyaga sawasawa. Nilimwona hivyo siku tatu mfululizo. Siku ya nne nikaenda kusema.

"Anajifanya, Sista. Nimemwona mwenyewe."

Sista alimwita, akamwambia afungue kitambaa nikiwapo. Kifundo kilikuwa kimevimba, ngozi imekuwa nyeusi.

"Mbona ukibeba maji huchechemei?" sista aliuliza.

"Nikichechemea yanamwagika. Nikifika na ndoo nusu narudishwa mtoni."

Sista alinitazama, akasema tangu siku hiyo ndoo zake nitabeba mimi. Nilizibeba. Lakini shaka haikuniisha. Uvimbe ulikuwa wa kweli, sawa. Na sheria je?

Baada ya wiki mbili wasichana wa shule moja ya Mbeya walikuja kucheza nasi. Walikuwa wamelala njiani Igawa, wakashuka kwenye lori nywele zimejaa vumbi. Nilipiga mpira, nikakimbia. Kwenye nguzo ya pili mlinzi wao alikuwa amesimama njiani, mikono mitupu, vilevile kama mimi. Nilimgonga, nikaanguka, udongo ukanijaa mdomoni. Niliinuka kwa furaha, nikamkimbilia msichana wa Uyole aliyekuwa amekaa pembeni na mguu wake.

"Umeona? Kwenu wanaziba! Ulitudanganya."

"Sikusema hawazibi," alijibu. "Nilisema sheria. Yule ndiye aliyenivunja jino." Akainua mdomo wa juu nikaliona, limekatika pembeni.

Sista alikwisha simamisha mchezo. Aliongea na mwalimu wao, wakatutangazia wote: asiye na mpira apishe, na akiziba, mkimbiaji apewe nguzo. Siku ile tulishindwa, sehemu kubwa kwa sababu yangu, kwa kuwa sasa nilipaswa kudaka.

Jumatatu yake jioni yule wa Uyole alinifuata na mpira.

"Simama pale, nikurushie."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu hujui."

Mpira wa kwanza ulinipiga kidevuni. Alisema pole, nami nikamkazia macho, nikijaribu kujua kama amenilenga. Uso wake haukunieleza kitu. Wa nne niliudaka.